Aljebra imekataa kutandaa kwenye diagramu? Tafuta h imekaa wapi

Mtoto wa ndugu yangu yuko Wete anasoma hesabu za juu, na kila akikwama anapiga picha daftari ananitumia, chini anaandika "Shikamoo ami, hii imegoma tena". Nimekaa na picha zile muda sasa na nilichokiona ni kwamba makosa yanajirudia yaleyale, na karibu yote mzizi wake mmoja. Kwahiyo naandika hapa mara moja, kwa ajili yake na kwa yeyote mwengine anaehangaika na operadi huku visiwani ambako wa kuulizwa ni wa kuhesabu.

Tuwekane sawa kwanza kazi yenyewe ni ipi. Una diagramu, yaani vituo na mishale baina yake, kama njia za daladala, Darajani kwenda Bububu, Darajani kwenda Fuoni. Kila kituo kina kompleksi: nafasi za vekta zilizopangwa kwa digrii (namba za ngazi), na d, kitendo cha kuhamia ngazi ya jirani, ambayo ukiipitisha mara mbili unapata sifuri. Operadi ni mkusanyiko wa operesheni, za kuingiza vitu viwili, vitatu, vine, pamoja na sheria za kuchomeka operesheni moja ndani ya nyengine. Neno lenyewe alilitoa mwanahisabati May mwaka 1972, Boardman na Vogt walikua wanakwenda hukohuko kwa njia yao, na Stasheff kabla yao mwaka 1963 alishaona umbo la kitu kizima kwenye kisa cha kuzidisha tu. Kompleksi ikikubali kuzitenda operesheni hizo basi ni aljebra ya ile operadi. Na kutandaza ni hivi: muundo unao kwenye kituo kimoja, unataka ufike vituo vyengine, na mishale nayo iuheshimu.

Neno la kwanza nlilomwambia mtoto, na ndo neno langu lote humu: muundo hautembei peke yake, unatembea na h. h ni ile homotopia inayokwambia vituo viwili vinalingana kwa kiasi gani na havilingani wapi. Hesabu ikigoma usianze kufuta, uliza h imekaa wapi, au nani kaitupa.

Mfano wa kupimia, weka karibu

Chukua A yenye vizazi vitatu a, b, c, vyote digrii 1, ukibadilisha nafasi alama inageuka (ab = -ba, aa = 0), na d(a) = 0, d(b) = 0, d(c) = ab. Basi. Wanaoijua wataitambua, inatokana na aljebra ya Lie ya Heisenberg. Vipimo vyake digrii 0 mpaka 3 ni 1, 3, 3, 1, jumla 8. Kohomolojia yake H, yaani vile ambavyo d inavipeleka sifuri ukitoa mipaka (vilivyo matokeo ya d), ni 1, 2, 2, 1, jumla 6, mana c haifungiki (d yake sio sifuri) na ab imekua mpaka wa c, zote mbili zinatoka. Vilivyobaki ni 1, kisha a na b, kisha ac na bc, kisha abc.

Baina ya H na A una vitu vitatu: i inapeleka H ndani ya A, p inarudisha A kwa H, na h inashusha digrii moja: h(ab) = c, vyengine vyote sifuri. Hakikisha mwenyewe kwa kalamu kwamba pi = 1 (yaani i kisha p, na 1 ni kuacha kitu kama kilivyo), na kwamba 1 - ip = dh + hd. Usiniamini mimi, kaa ufanye, dakika tano tu. Mfano huu mdogo lakini karibu kila ugonjwa ntaoutaja humu unaonekana ndani yake.

Dalili: umehamisha kuzidisha, na mabano hayahami tena

Hii ndo ya mwanzo kwa kila mtu. Una A inazidisha vizuri, (xy)z = x(yz), una kompleksi nyengine B inayolingana nayo kihomotopia, ukaandika kuzidisha kwa B kua p(ix · iy), ukafurahi, halafu ukajaribu vitu vitatu na pande mbili zikakataa kua sawa.

Sababu iko katikati. Ukizidisha mara mbili unapata p( ip(ix · iy) · iz ), na pale katikati pana ip. Wewe kichwani umeisoma kama 1. Sio 1, inatofautiana na 1 kwa dh + hd, na tofauti hiyo ndo inayovunja mabano.

Kuna watu hapa wanaanza kutafuta i na p nyengine ili ip iwe 1, na hilo haliwezekani isipokua A na B ni kitu kimoja. Dawa ni kuipokea tofauti kwa jina lake. Unaanzisha operesheni ya vitu vitatu, m3, ambayo kazi yake ni kusema (xy)z na x(yz) zinatofautiana kwa mpaka, na mpaka wenyewe ni huu. Kuitengeneza: chora miti yote ya matawi mawilimawili, majani ni i, kila kifundo ni kuzidisha kwa A, kila tawi la ndani ni h, shina ni p. Kwa vitu viwili mti ni mmoja, kwa vitatu miti miwili, kwa vinne mitano, kwa vitano kumi na nne. Hiyo ni aljebra ya A∞ ya Stasheff, na Kadeishvili alionesha mwaka 1980 kua kohomolojia ya aljebra yenye d daima inaupata muundo huu.

Angalia h iko wapi: kwenye kila kiungo cha ndani. Kama ukili wa mkeka, unasuka vipande mbalimbali lakini mkeka unashikana pale unaposhonwa. Shika picha hiyo, itarudi.

Dalili: mabano yanahama vizuri kabisa, ukaishia hapo, na mbele kila kitu kikaharibika

Hii mbaya kuliko ya mwanzo kwa sababu haijioneshi. Ukihamishia muundo kwa H ambako d ni sifuri, m2, yaani kuzidisha kwa vitu viwili, inatoka asosiativu kamili (mabano yanahama), hakuna kinachokulalamikia, mtu anafunga daftari. Mtoto alinitumia picha kaandika "imekubali ami!!" na nlisikitika kumwambia bado.

Tazama kwenye mfano wetu. Kwa H, a mara b ni sifuri, mana ab imekua mpaka. Kwa m2 peke yake basi a na b hazijuani kabisa. Lakini kwa A zinajuana, zinajuana kupitia c! Taarifa hiyo imekwenda wapi? Imekwenda m3. Kwa vitu vya digrii 1, kwa alama ninazotumia hapa, m3(x,y,z) = h(xy)z + x h(yz), kisha unapitisha p. Hesabu:

m3(a,a,b) = h(aa)b + a h(ab) = 0 + ac = ac

m3(a,b,b) = h(ab)b + a h(bb) = cb = -bc

m3(a,b,a) = h(ab)a + a h(ba) = ca - ac = -2ac

Sio sifuri. Na hapa watu huuliza, si nnaweza kuchagua h nyengine m3 ikaondoka? Kwa hapa huwezi. m3(a,a,b) ni ile inayoitwa zao la Massey la a, a, b, na uhuru wa kulibadilisha unatokana na a mara chochote cha digrii 1 na chochote cha digrii 1 mara b, vyote hivyo kwa H ni sifuri. Hakuna nafasi hata kidogo ya kulisogeza. Maana yake H yenye m2 tupu hailingani na A, ni kitu chengine.

Kipimo cha ziada ninachokipenda sana: A yetu ni komutativu kwa maana ya alama (ukibadilisha nafasi inayogeuka ni alama tu), kwahiyo m3 inatakiwa iwe sifuri kwenye michanganyo. Changanya a na (a,b) bila kuvuruga mpangilio wa a,b: unapata (a,a,b) mara mbili na (a,b,a) mara moja. Basi 2ac - 2ac = 0. Imekaa. Ukihesabu m3 yako na hiki kipimo kikakataa, kuna alama umeikosea, na bora ujue leo kuliko kurasa kumi mbele.

Dalili: kila kituo kina muundo wake safi, lakini mshale hauheshimu

Sasa tunaingia kwenye diagramu yenyewe. Chukua E, aljebra ya a na b tu, yaani 1, a, b, ab, d yake sifuri. E imo ndani ya A, mshale E → A ni mkali, unaheshimu kuzidisha bila ya shida. Sasa badilisha A kwa H. E inabaki vilevile kwa sababu d yake ni sifuri. Mshale mpya f1: E → H unapeleka a kwa a, b kwa b, na ab kwa sifuri.

Mtoto aliangalia m2, ikakubali. Kisha akaangalia m3: kwa E m3 ni sifuri, kwa H m3(a,a,b) = ac. Mshale ungekua unaheshimu, sifuri ingekua sawa na ac. Akaniandikia "ami mshale umevunjika na sijagusa kitu".

Hajagusa kweli, ila kalegeza kituo (sheria zake sasa zinashika kihomotopia tu, kwa m3 na wenzake) na mshale kauacha mkali. Kituo kikilegezwa na mishale inayoingia na kutoka lazima ilegezwe pamoja nacho. Mshale wa A∞ una f1, f2, f3 na kuendelea, na f2 hapa ndo iliyokosekana: f2(a, ab) inapatikana kwa kuchukua a mara h(ab), yaani ac (alama ya mbele inategemea utaratibu wako wa alama), na upande wa pili f2(ab, b) inatoka kwenye h(ab) mara b. Ukiiweka f2, ule mlinganyo wa vitu vitatu unafunga: upande mmoja m3(a,a,b), upande mwengine f2(a, ab), zinauana. Na tena angalia f2 imetoka wapi. Imetoka kwa h.

Kwa lugha ya operadi, diagramu nzima ni aljebra moja ya operadi ya rangi: kila kituo rangi yake, mishale ni operesheni za kutoka rangi moja kwenda nyengine. Ukilifikiria hivyo huwezi kusahau kulegeza mshale, mana operadi unayoilegeza ni moja yenye kila kitu ndani, kuzidisha na mishale pamoja. Berger na Moerdijk walilipanga hili vizuri mwaka 2007 kwa operadi za rangi, pamoja na njia ya kurudi kwenye ukali ukitaka.

Dalili: pembetatu au mraba haufungi

Una F kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili, G kutoka cha pili kwenda cha tatu. Unabadilisha vituo vyote vitatu kwa vidogo vyake. Mishale mipya ni pFi na pGi. Ukizifuatanisha: pG ip Fi. Ukihamisha GF moja kwa moja: pGFi. Hazilingani, na tofauti yao ni mpaka wa pGhFi.

Naomba uisome tena ile pGhFi. i kwenye jani, p kwenye shina, h kwenye kiungo cha katikati. Ni mti uleule wa m3! Ukiwa na mishale mitatu mfululizo unapata pKhGhFi, na kuendelea hivyo. Siku nlipoliona hili nlikua nimekaa barazani baada ya isha na karatasi, nikanyamaza muda mrefu, kwa sababu nlikua nadhani kuhamisha aljebra na kuhamisha diagramu ni kazi mbili nyengine na nyengine, kumbe kufuatanisha mishale nako ni kuzidisha, tu kunabagua nani anaweza kuzidishwa na nani.

Kwa vitendo: kama diagramu yako haina njia mbili za kufika pahala pamoja, tuseme mnyororo wa mishale tu na hujadai chochote kuhusu mishale mirefu, huna la kuogopa, endelea kituo baada ya kituo, mshale mrefu utauita jina la mifupi iliyoufanya basi. Tatizo linaanza ukiwa na mraba, ambapo njia ya juu na njia ya chini zilikua sawasawa. Baada ya kuhamisha zitakua sawa kihomotopia tu, na homotopia hiyo lazima uiandike, ni sehemu ya data. Ukiwa na mchemraba utakua na homotopia za nyuso sita, na juu yake moja inayojaza ndani. Watu wengi wanaandika za nyuso wanaisahau ya ndani.

Dalili: diagramu ina mshale unaozunguka kurudi palepale, na muundo umeuvunja ulinganifu

A yetu ina ulinganifu mmoja mzuri, σ: a inakwenda b, b inakwenda a, c inakwenda -c. Hakikisha: d(-c) = -ab = ba, sawa. Ukiifanya mara mbili unarudi pale pale. Hiyo ni diagramu ya kituo kimoja na mshale mmoja unaojizunguka.

h(ab) = c inaiheshimu σ. Lakini tuseme hukuangalia, ukachagua h(ab) = c + a. Halali kabisa, ila p nayo inabadilika, p(c) inakua -a. Sasa pima: σ kisha h inakupa -(c + a), na h kisha σ inakupa -c + b. Zimekataa. Kila kituo kizima, h yako sahihi, na bado ulinganifu umekwenda, sababu ni kwamba ulichagua bila kuuliza mshale unataka nini.

Dawa kwa kundi lenye mwisho: chukua wastani. Igeuze h kwa σ (σ, kisha h, kisha σ), unapata h nyengine yenye h(ab) = c - b, zijumlishe ugawe kwa 2: h(ab) = c + (a - b)/2. Pima tena, inakubali. Lakini umegawa kwa 2, umeona? Ukiwa unafanya kazi pahala ambapo 2 ni sifuri njia hii imefungwa, itabidi ubahatishe h inayofaa kwa mkono (hapa ipo, c yenyewe), au ukubali mshale wa kuzunguka uwe wa kihomotopia na tabaka zake zote. Pia p ifanyie wastani huohuo, usiache nusu. Na baada ya wastani angalia tena kama hh = 0, hi = 0, ph = 0, kwa jumla hazijihifadhi zenyewe, ila zinatengenezeka: kwanza izungushe h kwa (dh + hd) pande zote mbili, kisha badilisha h kwa hdh, na hizo hatua zote σ inazikubali.

Dalili: kila kitu sawa kwa namba za kawaida, ukihamia F2 au Fp (mahesabu ambayo 2, au namba tasa p, ni sifuri) kinaanguka

Hii fupi lakini inaua. Kama aljebra yako ni komutativu na unafanya kazi pahala ambapo p ni sifuri (p hapa ni namba tasa, sio mshale p wa juu), operadi ya komutativu haikufai hivyo ilivyo. Chukua x ya digrii shufwa na y = d(x), kompleksi ya vitu hivi viwili haina homolojia kabisa, ni kama haipo. Aljebra komutativu huru juu yake ilitakiwa nayo isiwe na kitu isipokua 1. Sasa d(x^p) = p x^(p-1) y = 0, na x^p sio mpaka wa chochote, mana kila mpaka una y ndani. Umezaa kitu kutoka pasipo kitu. Sababu ni kule kugawa kwa n! kulikojificha kila ukitambulisha xy na yx. Hama uende E∞, ambako kubadilishana nafasi nako kumelegezwa. Asosiativu wa kawaida hana tatizo hili, mana hakuna kubadilishana nafasi.

Dalili: haitandazi kabisa, hata ukilegeza

Hapa ndo pa kuuliza swali kubwa, na kwa kweli ningependa kila mtu aanze nalo. Kwa kila diagramu kuna operadi yake ya endomofizimu: operesheni zake za vitu n ni familia za operesheni, moja kila kituo, ambazo mishale yote inazikubali. Rezk alilitumia hili kwenye tasnifu yake ya 1996. Kuweka aljebra kwenye diagramu nzima ni kutoa mofizimu kutoka operadi yako P kwenda operadi hiyo. Basi kwa mshale mmoja f: X → Y na muundo tayari kwa X, swali lako ni: una P → End(X), operadi ya endomofizimu ya X peke yake, je inapanda mpaka End(f), ile ya mshale mzima? Likishakua swali la kupanda, unajua masharti: P iwe kofibranti, yaani imelegezwa vya kutosha, na End(f) → End(X) iwe na tabia nzuri.

Berger na Moerdijk mwaka 2003 waliyaandika masharti haya wazi, na kwa kompleksi juu ya fildi yanakua mepesi kukumbuka. f ni kwasi-isomofizimu (mshale unaolinganisha kohomolojia za pande mbili) ya kuingiza bila kugonganisha: muundo wa X unasukumwa mbele kwa Y. f ni kwasi-isomofizimu inayojaza Y yote: muundo wa Y unarudishwa nyuma kwa X. Na kwa njia hizi mbili f inabaki mkali. Picha nyingi nlizotumiwa kosa lilikua hapa hapa, mtu anasukuma mbele kwenye mshale wa kurudisha nyuma.

Sasa mfano wetu, muundo uko A na tunautaka H. i inaingia lakini inatoka H kwenda A, ingefaa muundo ungekua H. p inajaza lakini inatoka A kwenda H, ingefaa vilevile muundo ungekua H. Kwahiyo hatumo kwenye moja wala nyengine, tumo kwenye ya tatu: muundo unahama, ila mishale inauheshimu kihomotopia tu. Ndo maana f2 zilitutokea. Ungelijua hilo mwanzo usingelishangaa.

Na kama f sio kwasi-isomofizimu kabisa? Hapo hakuna ahadi. E → A kule juu ilikua na muundo pande zote tangu mwanzo, tuliuhamisha tu. Lakini ukiwa na muundo kwa X na mshale wowote kwenda Y, kutaka Y iupate ni kudai kisichokua na sababu, na kizuizi chake utakiona kama darasa la kohomolojia lisilokua sifuri. Vizuizi vya namna hii vipo hata kupanda ngazi ndani ya kituo kimoja: tufe S^7 (tufe la vipimo 7) lina kuzidisha kunakotokana na oktonioni, namba za vipimo vinane, Adams mwaka 1960 alithibitisha kua matufe yenye kuzidisha kwa namna hii ni S^0, S^1, S^3 na S^7 tu, na James mwaka 1957 alishaonesha kua S^7 haina kuzidisha kunakohamisha mabano hata kihomotopia. Una m2, m3 haipatikani, na sio kosa lako. Ukifika hapo acha kutafuta h, andika kizuizi chenyewe, ndo jibu.

Dalili: kila kitu kinakubali isipokua alama ya kutoa

Mwisho hili, mana ndo linalokula usiku wa watu. Kama tofauti yako ni alama tu, usirekebishe alama mojamoja kwa kubahatisha. Sogeza digrii zote kwa moja, ili m2, m3, m4 zote ziwe na digrii moja ileile, andika jumla yake b (sio kile kizazi b), na sheria zote za A∞ zinakua mstari mmoja: ukiipitisha b mara mbili unapata sifuri. Alama zinajipanga zenyewe, kisha unasogeza kurudi.

Na kipimo cha haraka kwa mfano wetu, vitu vinne a, a, b, b. Vinavyobaki ni viwili tu: m3(a,a,b) mara b ni acb, yaani -abc, na a mara m3(a,b,b) ni a(-bc), nayo -abc. Sheria inataka zitoane, -abc toa -abc, sifuri. Ukipata -2abc basi m3 yako, ambayo digrii yake ni witiri, imeruka juu ya a ya mwanzo nayo witiri na hukuigeuza alama. Rudi kwenye mstari ule tu, mwengine wote uache.